Ng'oa Madirisha Yangu Yote Manne

Mwananyamala,
Ijumaa, baada ya sala ya mchana.

Mdogo wangu Shabani,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nyanyuka umpelekee salamu zangu wifi yangu Hadija hapo jikoni alipo, ndipo urudi ukae uendelee kusoma. Mguu vipi? Aliyetoka huko juzi kaniambia umeanza kutembelea fimbo. Tembelea, usione haya. Ulivyokuwa mdogo nilikubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kuliko mie na hukuona haya, leo fimbo ndiyo ikushinde. Na kifua cha wifi je? Mwambie aache kupikia kuni mbichi, na wewe uache kumletea.

Masikio sikuulizi. Ndiyo maana sikupigi simu. Simu na wewe mie napiga kelele mpaka mtaa mzima unajua shida zangu, na wewe unaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada", ukikata unafanya unavyoona. Hili la leo linatakiwa lifanywe kama lilivyosemwa, kwa hiyo nimeliweka kwenye karatasi.

Anayeandika ni Zena mwanangu. Nimemwambia aandike kila neno, hata la kunisema mie mwenyewe mamake. Anasita sita. Mie sikusoma, lakini kalamu ikisimama naiona.

Sie tupo, tunapumua. Zena eda yake mwezi wa tatu ndio umeingia. Kakonda, kula ni mpaka nimkalie mbele. Mjukuu wako Salma alishikwa na malaria, akalazwa siku nne hapo hospitalini karibu yetu, sasa karudi ila miguu bado inamtetemeka akisimama. Idi mdogo hajambo, anauliza baba atarudi lini. Namwambia harudi. Zena anataka nimwambie kasafiri. Mie mtoto simdanganyi, atakuja kungoja barabarani bure.

Sasa nikueleze kilichotupata, na usinikatize.

Unajua mimi nilikuja huku kumshika mwanangu mpaka eda iishe, nikasema nikimaliza nirudi kwangu Kivinje, msimu wa korosho unikute huko. Unajua pia mtu wa edani haonekani na wanaume wa nje wala hasimami nao kuzungumza. Kwa hiyo mlango wa nyumba hii ni mie. Anayebisha namjibu mie. Mwenye neno na Zena ananiambia mie, nalifikisha chumbani, na la chumbani nalileta nje. Kazi hiyo niliipenda, Shabani. Nilijiona nina cheo.

Wiki moja na kitu kabla ya arobaini akaja Bakari. Bakari ni mdogo wake marehemu Athumani, yule mwembamba wa sauti ya polepole, uliyemwona kwenye harusi ukasema huyu kijana ana adabu. Tulikosea wote wawili. Alikuja na mchele na sukari, akavua viatu nje, akanishika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, mie silali. Arobaini ya kaka inakuja, nyumba ya kaka ndio hii, hebu tazama madirisha. Watu watakuja kusoma hitima wakae wanatazama mchwa?"

Nikatazama. Na kweli, mdogo wangu, siwezi kusema uongo. Haya madirisha ni yale aliyoyatengeneza shemeji yako Mfaume mwenyewe, mwaka ule Athumani aliponunua hii nyumba kuukuu na Zena ana mimba ya Salma. Mninga mtupu, mabawa mawili mawili, makomeo ya mbao. Lakini hapa ni bondeni, maji ya mvua yanatembea ukutani, na Mfaume kafa, nani ayapake oili chafu kila mwaka? Mchwa walikuwa wameshakula miguu ya fremu. Dirisha la chumbani zamani ukilifungua lilikuwa linashuka, lazima ulinyanyue kama mgonjwa. Marehemu Athumani kazi ya kutengeneza alianza na hilo. Alikata pale palipooza, akaunga kipande kipya, akasugua na msasa mpaka mbao ikarudi nyekundu. Moja hilo tu alilimaliza. La pili aliliacha na msasa juu yake, akaenda kazini asubuhi, kilichorudi jioni ni maiti.

Nilijua madirisha yale yanatengenezeka. Nani ajue kama si mie, niliyeshika ncha ya pili ya ubao miaka yote Mfaume anaranda? Kinachooza ni mguu. Unakata mguu, unaunga, unapaka mafuta, dirisha linaishi miaka mingine kama ile. Nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu ya neno moja alilolitaja Bakari: watu. Unanijua mie na wageni.

Akasema, "Nawawekea alumini, mama. Yale ya kusukuma, yenye vioo vyeusi. Mtu wa nje hamuoni wa ndani. Kwa mtu wa edani si ndio sitara?"

Zena akasema nyuma ya pazia, "Mama, mwambie asubiri. Mwambie mpaka nitoke eda."

Na mie, Shabani, andika hivyohivyo Zena, nikamwambia mwanangu, "Nyamaza wewe, mfiwa. Wakubwa wanazungumza."

Bakari akatoa karatasi. Akasema fundi hawezi kugusa nyumba ya watu bila ruhusa, anataka dole tu. Nikamuuliza imeandikwa nini. Akasema, "Kwamba mmeruhusu ukarabati, mama, basi." Akanipaka wino wa peni kwenye dole gumba, akanishika mkono kwa upole, kama mwanangu wa kumzaa, nikagandamiza. Nikamwombea na dua. Nilisema Mungu akuzidishie. Zena, na hilo umeliandika? Haya.

Jumanne asubuhi fundi akaja na nyundo na tindo. Anaitwa fundi Chande, anakaa Tabata. Hakuja kufungua, alikuja kubomoa. Nikamwambia baba, anza na bawaba, toa mabawa kwanza, halafu ondoa lipu pembeni, fremu itatoka nzima. Akanijibu, "Bibi, mie nimeambiwa toa, sijaambiwa toa vizuri." Alasiri haijaingia yote manne yakawa chini, mawili ya mbele, la ubavuni na la chumbani. Kirikuu kikaja kikayabeba. Hata lile alilolitengeneza Athumani kwa mkono wake. Zena alilisikia linavyotoka. Yumo chumba cha uani na mlango umefungwa, kila nyundo ikigonga namsikia anasema "hilo", nyundo ikigonga anasema "hilo".

Bakari akasema alumini kesho.

Kesho ikapita. Keshokutwa simu yake haipokelewi. Nikafunga kanga, nikafunga mikeka, nikaomba viroba vya saruji kwa jirani nikavishona. Wewe hujakaa Mwananyamala, hujui. Hapa nyumba na nyumba zinapumuliana. Uchochoro unapita chini ya dirisha la mbele, na watu hawakatiki humo tangu alfajiri. Upepo ukipuliza kanga inanyanyuka, mtu anapita anaangalia ndani bila hata kukusudia, macho yanakwenda yenyewe palipo tundu. Zena akahamia ukumbini, katikati ya nyumba pasipo na dirisha. Tukafunga milango ya vyumba vyote, akawa anakaa gizani na joto kama mkate kwenye tanuri. Alikuwa haongei. Nilikuwa naomba anitukane, hakunitukana.

Mie nikachukua kigoda nikakaa ndani ya tundu la mbele. Mgongo huku, uso kule. Mgongo wangu ndio ukawa dirisha. Siku ya kwanza tu akasimama kijana na chenji mkononi.

"Bibi, shikamoo. Unauza barafu?"

"Marahaba. Siuzi."

"Sasa umekaa dirishani unauza nini?"

"Sura yangu. Unanunua?"

Akacheka akaondoka, akaja mwingine anataka vocha. Kila wanapoona mtu kwenye tundu la nyumba wanajua genge limefunguliwa. Jirani yetu Mama Pili, muuza mihogo, ananitania mpaka leo ananiita mwenye duka. Kucheka tunacheka, Shabani. Lakini jioni nikinyanyuka hapo kiuno kilikuwa hakinyooki, na mtu wa kunikanda ndiye huyohuyo niliyemwambia nyamaza.

Arobaini tukaisoma na viroba madirishani. Wageni walikuja, wale niliokuwa nawaogopa. Walitazama viroba, wakatazama chini. Bakari alikaa mbele kabisa, akavuta uradi kwa sauti kuliko wote.

Halafu mvua. Maji yaliingia yakaloa magodoro mawili, na mbu wakafanya wanavyotaka, ndipo Salma akalazwa. Nilikaa naye wodini nikiangalia dripu inadondoka. Nikajiambia, mtoto huyu kalala hapa kwa dole langu. Sina pa kulificha hilo.

Tulivyorudi na Salma tukamkuta Bakari kasimama mlangoni na karatasi ileile. Safari hii hakuvua viatu.

"Mama, mnakaaje humu? Ukarabati haujaisha. Si mlikubali mtahama mpaka uishe?"

"Tulikubali nani na nani?"

"Dole lako si hili?"

"Dole langu. Maneno si yangu."

"Mama, karatasi haina maneno yako na yangu. Nimeshawatafutia chumba Mbagala. Mpeleke mtoto pakavu, shemeji akamalizie eda yake huko. Hasira za nini?"

"Na nyumba?"

"Nyumba ya kaka yangu haikimbii."

Zena akasema kutoka ndani, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti yake kubwa tangu msiba, "Haikimbii kwa sababu umeshaikata miguu."

Bakari akatabasamu. Akasema atarudi Ijumaa ya wiki mbili zijazo na gari la kubebea vyombo.

Nikaichukua habari nikaipeleka kwa mjumbe wetu wa mtaa, mwanamke mtu mzima, hana mzaha. Akamwita Bakari, akaiomba karatasi, akanisomea polepole mbele yake. Imeandikwa kwamba familia inaruhusu madirisha yang'olewe, na kwamba wakazi watakaa mahali pengine mpaka ukarabati ukamilike. Haikuandikwa ukamilike lini. Mjumbe akaniuliza, "Bi Somoe, dole ni lako?" Nikasema langu. Akatikisa kichwa. Bakari alipoondoka ndipo akanivuta pembeni.

"Mie siwezi kulifuta dole lako. Lakini sikiliza. Hapa imeandikwa mpaka ukarabati ukamilike. Nyumba ikiwa na madirisha, mie mwenyewe nakuja na muhuri naandika umekamilika, hahami mtu. Sitaki alumini. Weka madirisha yanayofunguka na kufunga. Bila hivyo, akija na gari Ijumaa hiyo, nitamzuia kwa lipi?"

Nikaenda na kwa shehe, maana nilitaka kujua upande huo. Akasema nyumba isipokalika, mjane anaruhusiwa kuhamia penye usalama, dharura hiyo. Nikamwambia shehe, ruhusa hiyo anaisubiri Bakari kuliko sisi. Mirathi itakwenda mahakamani eda ikiisha. Anayekwenda mahakamani akitokea ndani ya nyumba yake, na anayekwenda akitokea chumba cha Mbagala alichotafutiwa na shemeji, ni watu wawili. Shehe akakubali. Akasema Bi Somoe, tafuta madirisha.

Basi nikatafuta. Nilianza na yale yale yetu. Nikapanda mpaka Tabata, nikauliza fundi Chande, fundi Chande, mpaka nikamkuta kibandani kwake anapiga ribiti. Kuniona akainuka.

"Bibi, karibu. Mie hii ishu sikuijua, wallahi. Nimekuja kusikia baadaye."

"Madirisha yangu yako wapi?"

Akaangalia pembeni. Nikafuata macho yake. Pale nyuma kuna banda la kuku, na mlango wa banda ni bawa la dirisha la Mfaume. Nililijua kwa mchoro wa ukingoni, ule wa mawimbi mawili aliokuwa anaupenda. Kalikata nusu. Yote alipewa kama ujira, mengine akayapasua akatengeneza mabenchi, masalia jirani yake mama lishe kapikia. Nilikaa chini, Shabani. Sikulia. Nilikaa tu chini kwenye takataka za mbao, kuku wakawa wananipita.

Yule kijana akaingia ndani akatoka na komeo. Moja. La lile dirisha la chumbani, Athumani alikuwa kalisugua hadi linateleza. Akasema, "Hili sikulitupa, bibi, sijui kwa nini. Nilikuwa nalishikashika tu." Akanipa kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Ukipata madirisha popote, hata ya zamani, niite. Nitakuja kuyapachika, siweki bei. Matundu niliyaumiza mie, nitayaziba mie." Nikamwambia nitakuita, na ole wako uje na tindo.

Alumini hatuiwezi, sitaki hata kulizungumza. Kwa maseremala wa hapa dirisha lililo tayari halikubali tundu letu, yao marefu, yetu mapana, na la kuagiza halitoki ndani ya siku tulizobakiwa.

Jana nimekaa kwenye kigoda changu tunduni, nimelishika lile komeo, nikawa nalipima tundu kwa mkono. Shibiri saba na vidole vitatu. Nikapima la pili, shibiri saba na vidole vitatu. Ndipo nikakumbuka, nikajiona mpumbavu kwa kuchelewa kukumbuka.

Shemeji yako hakuwa na futi. Unakumbuka watu walivyokuwa wanamcheka? Alikuwa na ile kamba yake ya katani yenye mafundo, fundo la kimo na fundo la upana, na kila dirisha alilolitengeneza maishani mwake alilipima kwa kamba ile. Mtu akitaka dirisha kubwa zaidi anamwambia nenda kwa fundi mwingine. Madirisha ya Zena na madirisha ya kwangu Kivinje ni kamba moja. Mninga mmoja, mwaka uleule, yalipakwa oili siku moja uani kwangu, wewe mwenyewe ulishika brashi ukajipaka hadi nyusi. Na ya kwangu hayana mchwa, kwangu ni juu, maji hayakai. Wewe ndiye unayeyapaka kila mwaka tangu Mfaume afe. Ulikuwa unayatunza, kumbe ulikuwa unamtunzia Zena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ng'oa madirisha yangu. Yote manne.

Hapa Zena kaweka kalamu chini. Anasema haandiki. Anasema, "Mama, nyumba isiyo na madirisha haikaliki, utarudi wapi?" Namwambia si ndivyo nilivyokufanyia wewe? Anasema hilo limekwisha, kashanisamehe. Namwambia umenisamehe lini, mbona sikusikia. Anasema siku ile nilipokaa dirishani. Haya, sasa tumelia wote wawili, na karatasi imeloa pembeni, ukiona wino umechafuka ndio hapo. Kalamu kaishika tena. Kaambiwa na mama yake andika.

Sikiliza jinsi ya kufanya. Usiite vijana wenye nyundo. Fanya wewe na jirani yako kinyozi, yeye ana mkono mwepesi. Anza na bawaba. Mabawa yakitoka yafunge mawili mawili kwa kamba, nyuso zikiangaliana, weka kanga katikati zisikwaruzane. Kanga zimo kwenye sanduku langu, chukua hata zile nzuri. Fremu, chokoa lipu taratibu kwa kisu kipana pande zote, Mfaume alizipachika kwa vigingi vinane, utaviona, vigonge kwa ubavu vitatoka. Makomeo yafunge kwenye kitambaa. Weka alama ya mkaa, mie sisomi na fundi hana haja ya kusoma: mstari mmoja la barazani, miwili la ubavuni, mitatu la sebuleni, minne la chumbani kwangu. Kabla hujaanza, chukua kamba yenyewe, bado imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, upime moja. Ukikuta fundo halifiki, using'oe, unijulishe. Lakini litafika.

Mpe konda wa basi la Jumatatu, yalazwe juu, yasisimamishwe. Nitakuwa kituoni Rangi Tatu tangu asubuhi, nayangoja. Ijumaa hiyo Bakari akija na gari lake nataka akute madirisha yamefungwa kwa ndani, komeo limeshuka, na mjumbe kakaa barazani na muhuri.

Na matundu yangu, Shabani, usiyazibe kwa mbao wala makuti. Ziba kwa matofali. Lile rundo la nyuma ya choo linatosha, niliyaweka ya kujengea jiko. Jenga mpaka juu, piga lipu. Tundu linalobaki wazi lina mwenyewe wa kuliingia, mie nimejifunza.

Najua ulivyoambiwa eda ikiisha narudi, ulipanda ukakarabati paa langu na mguu wako huo. Wifi kaniambia. Kaniambia pia umenisogezea kitanda dirishani, ili ukiwa kwako uone ninaamka saa ngapi. Najua ulikuwa unahesabu. Na mie nilikuwa nahesabu. Nilitaka nifie kwangu, nikiwa naliona lile dirisha linaloelekea kaburi la Mfaume. Sasa itakuwa Mwananyamala, kwenye kelele, nikiulizwa barafu. Mwanangu akimaliza eda atahitaji mtu wa kumlindia watoto akitafuta riziki, na wa kukaa mlangoni Bakari akirudi, maana atarudi. Safari hii mlangoni atanikuta na akili. Usinililie. Kama huwezi, lia, lakini kwanza umalize kung'oa.

Njoo wewe, mguu ukiruhusu. Nitakufungulia dirisha ulipime mwenyewe kama limekaa sawa.

Nisalimie wifi yangu Hadija, mwambie kanga zangu zitakazobaki ni zake. Nisalimie kinyozi jirani yenu, mwambie namtegemea. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aniombee, sisemi aniombee nini, yeye atajua. Na dada wa marehemu Mfaume, Bi Mwajabu, ukimwambia habari hii mshike mkono kwanza, yale madirisha alikuwa akiyatambia kwa watu.

Zena na watoto wanakuamkia, shikamoo mjomba, shikamoo babu.

Ni mie dada yako, niliyekubeba,
Somoe.

Chini hapa nimeweka dole gumba langu la kulia, lilelile, ujue ruhusa imetoka kwangu. Safari hii nimesomewa kabla. Mara mbili.